Sehemu ya Nne

Miaka ishirini na mmoja tulimwacha mlangoni.
Sehemu ya tatu iliishia pale: Nahodha Zera,
kofia ya kioo kwapani, mkono kwenye komeo,
chombo kinavuja moto mgongoni mwake,
halafu maandishi, halafu chenga,
halafu Mzee Nkwabi anazima jenereta:
"Basi. Kila mtu kwao."

Banda lilikuwa Mabatini.
Shilingi hamsini, au kopo la dagaa
kama mama hajayahesabu makopo.
TV ya chogo juu ya kreti za soda,
na pembeni Lugola, na kipaza sauti
kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli,
akitutafsiria anga.

Kiingereza hakukijua kihivyo. Tuligundua baadaye.
Roboti likilia pi-pi-pi, yeye alilipa Kisukuma:
"Mwangaluka!" linamwambia adui,
kisha linamchoma.
Sayari ya pili ilikuwa na mawe yamepandana,
jiwe juu ya jiwe, kama mtu kayapanga kwa dharau,
tukaapa: hapa ni Igogo, wamepigia hapa.
Doto akapanda mlimani kutafuta nyayo za chombo.
Akarudi na kovu. Analo hadi leo,
na ukimuuliza atakwambia ni leza.

Na mlangoni, kabla ya chenga,
Zera anamwinamia mwanawe, midomo inacheza.
Lugola akameza mate, nasi tukasikia:
"Nitarudi uji haujapoa."

Sasa imekuja.
Ijumaa, ukumbi wa ghorofani, viti vya kulala,
tiketi ya bei ya sangara mzima.
Bugumba kafunga duka la nyavu saa kumi.
Minza katoka zamu Bugando na sare yake.
Doto kavuka kwa kivuko cha Kamanga,
kurudi atajua mwenyewe.

Baadaye, Makoroboi, kwenye chipsi, kesi ikaanza.
"Wameliua roboti," Bugumba akasema,
"linaongea kama karani wa benki."
Na mawe? Kompyuta imeyalainisha,
yamekuwa maandazi.
Na chombo hakiungurumi tena!
Tukanyamaza kidogo hapo,
kila mmoja akikumbuka kivyake
kwamba muungurumo ule ulikuwa jenereta la Nkwabi,
nje, chini ya turubai.

"Halafu kazeeka," Doto akasema. "Zera kazeeka sana."
Minza akaachia mrija wa soda.
"Ulitaka azeeke nani kwa niaba yake?
Wewe mwenyewe kitambi hicho kina mwezi unakizunguka."

Mimi sikuchangia.
Nilikuwa bado kule ndani, katikati ya filamu,
pale mlango unapofunguka hatimaye
na Zera anaingia, mvi tupu, kofia ileile kwapani,
na mwanawe, mama mtu mzima sasa,
anamtazama kama anatazama bili.
Hawakuandikiwa neno.
Kimya kile cha gharama kubwa,
chini ya picha hakuna hata herufi.

Ndipo gizani, kiti cha pili kutoka kwangu,
ikatoka sauti ya Minza, nzito, ya puani,
sauti ya mtu aliyezikwa Kisesa
nasi tukapata habari baada ya arobaini:
"Uji umepoa, mama."

Safu yetu ikacheka. Doto alicheka hadi akakohoa,
akafuta macho kwa kola ya shati.
Kijana wa nyuma akatufyonza.
Hakuwa amezaliwa. Atajuaje
kwamba filamu nzima ndiyo kwanza imekwisha?

Chipsi zikaganda mafuta.
Kivuko cha mwisho kikaondoka bila Doto.
Bugumba akasimama, akalipa kwa hasira:
sehemu ya tano haendi, hata kwa pingu,
hata wakimfuata na gari.
Akapiga hatua tatu kuelekea gizani, akageuka.
"Kwani," akauliza, "wamesema inatoka lini?"